Pasi za Upande wa Kushoto

Jumatatu, 9 Machi 2026

Hanna ameleta orodha ya mwisho ya msimu. Majina manne. Wateja wetu, klabu ya kulipwa ya mpira wa Kimarekani, wanataka ripoti kabla ya tarehe 10 Aprili. Nikasoma la kwanza, nikasoma la pili. La tatu: Liam, kwotabeki, chuo kidogo cha Ohio, mzaliwa wa hapa Stockholm.

Liam wa dada yangu Stellah!

Hanna alikuwa bado amesimama mlangoni na kikombe chake, anasema kitu kuhusu likizo ya Pasaka. Akauliza kama nina swali. Hapo ndipo ningesema: huyu namjua, nimembeba mgongoni, mpe mtu mwingine. Bosi wangu si mkali, na kanuni ya ofisi iko wazi. Nikasema sina swali.

Kwa nini nimenyamaza? Niandike ukweli, hapa hakuna wa kunisoma. Nilitaka kumwona. Basi. Miaka minne simwoni ila kwenye picha za Krismasi. Sasa nimepewa mechi zake kumi na mbili, kila upande wa kamera.

Jumatano, 11 Machi

Siku ya kufanyia kazi nyumbani. Sauti yangu ya kwanza leo niliisikia saa nane mchana, nilipomwambia mleta vifurushi tack, yaani asante. Ikatoka imekwaruza kama ya mgonjwa.

Lakini kutwa nzima nilikuwa na Liam. Amepanda juu, amejaza mabega. Bado anajifuta viganja kwenye paja la kushoto kabla ya kupokea mpira, kama alivyofanya akiwa na miaka kumi kule uwanjani Farsta. Stellah alikuwa anafanya kazi Jumamosi zote kwenye nyumba ya wazee, kwa hiyo Jumamosi mtoto alikuwa wangu. Yeye anakimbia, mimi nimekaa kwenye benchi la baridi, sielewi hata kitu kimoja. Nikaanza kuhesabu, nisije nikaganda. Pasi ngapi, zimekwenda upande gani, ngapi wenzake wamezidaka. Madaftari matatu. Kocha mmoja akayaona, akamwonyesha mtu, mtu akamwonyesha Hanna. Kazi hii amenipa mtoto yule, na wala hajui.

Wenzake walisema moster, Kiswedi cha mama mdogo. Yeye alinipigia kelele uwanja mzima: mama mdogo! Bila aibu.

Alipokwenda Marekani, mimi na Stellah tuliahidiana kuonana kila mwezi. Tukaonana mara mbili. Hatukugombana. Mtoto ndiye aliyekuwa kamba, na kamba imeondoka.

Jumapili, 15 Machi

Paskali amepiga kutoka Bukoba. Mwaka wa saba huu tangu mume wangu arudi kwao. Hatujaachana, hatuko pamoja. Tukishamaliza mvua na wagonjwa, huwa tunabaki na kimya. Leo nilikuwa na la kusema. Nikamweleza kwamba kila Aprili vilabu vya kulipwa Marekani huchagua vijana wa vyuo kwa zamu, raundi saba, siku tatu, wanaita drafti. Anayetajwa mapema ametoka kimaisha. Asiyetajwa atabembeleza majaribio au arudi nyumbani. Na kwotabeki ndiye mwenye usukani: kila shambulizi linaanzia mikononi mwake, ana kama sekunde tatu za kuamua amrushie nani, huku watu wa kilo mia na thelathini wanamjia. Mimi natazama picha za mechi, nasema atafaa au hatafaa.

Akauliza: na ukikosea? Nikasema klabu itapata hasara. Akasema hapana, anauliza kijana.

Baadaye tukarudi kwenye mvua.

Jumanne, 17 Machi

Mechi sita za kwanza nimemaliza. Nimezitazama mara mbili, na si kwa ajili ya kazi.

Ni mzuri. Sisemi hivi kwa mapenzi, hesabu zipo. Mpira unatoka mkononi bila kutikisika. Anamngoja beki ahame, ndipo anarusha pale alipotoka. Pasi za kushoto: sitini, zimedakwa arobaini na moja. Kwa kwotabeki anayetumia mkono wa kulia, hiyo ni adimu. Hawakumwita kwenye kambi kubwa ya vipimo kwa sababu chuo chake ni kidogo, kwa hiyo vilabu vitamjua kwa picha tu. Yaani kwa mtu kama mimi.

Nimempa alama 6.4 kwa penseli. Raundi ya tatu, labda ya pili. Nimejikuta natabasamu peke yangu jikoni kama mwehu.

Alhamisi, 19 Machi

Mechi ya saba, tarehe 11 Oktoba. Robo ya tatu anagongwa. Kofia inachomoka, mtu wa pili anamwangukia, goti au kiwiko kinampata usoni. Anakaa chini. Anajishika jicho la kushoto. Anatoka nje dakika chache, anarudi. Watu wanapiga makofi.

Nimerudisha nyuma mara nyingi. Si kwa ajili ya lile pigo. Ni kwa ajili ya dakika zilizofuata.

Anageuza kichwa. Zamani alikuwa anatazama kushoto kwa macho tu, kichwa kimetulia, hata beki hajui. Sasa anazungusha kichwa kizima, kama kuku anayetafuta punje.

Jumamosi, 21 Machi

Nimehesabu bila kupumzika. Tangu lile pigo: pasi za kushoto arobaini na saba, zimedakwa kumi na tisa. Za kulia hazijabadilika kabisa. Ameangushwa kutoka kushoto mara kumi na moja, na katika tisa hakujikunja hata kidogo kabla ya kupigwa. Mtu anayemwona adui hujikunja. Hata mtoto hujikunja.

Nimeangalia ripoti za wengine tunazonunua. Wote wameandika: uchovu wa msimu. Hakuna aliyeona.

Mimi najua kichwa chake kilivyokuwa kinakaa.

Jumanne, 24 Machi

Kanuni inakataza kuzungumza na mchezaji tunayempima. Nimezungumza naye.

Nilipiga kwa video saa kumi na moja jioni. Kwao ni mchana, alikuwa jikoni kwenye nyumba ya wanafunzi, ndevu zimeota. Alifurahi sana. Mimi Kiswahili, yeye Kiswedi, kama zamani. Akauliza kama bado nakaa Hjulsta. Akauliza kama ile suruali yangu ya theluji, ile ya zambarau, bado ipo. Tukacheka. Dakika kumi nzuri. Sikumbuki mara ya mwisho mtu aliniuliza swali la pili baada ya la kwanza.

Kisha mwenzake wa nyumbani akaingia kutokea kushoto kwake. Nilimwona kwenye skrini. Akaja mpaka begani kwa Liam, akaweka bakuli mezani karibu na kiwiko chake. Liam anaendelea kunieleza mazoezi. Yule kijana akamgusa. Liam akaruka kama aliyemwagiwa maji ya moto.

Nikamngoja mwenzake atoke. Nikauliza tangu lini. Akasema tangu lini nini. Nikasema: tangu Oktoba?

Hapo akaacha Kiswedi. Kiswahili chake huja pale tu anapoumia.

“Mama mdogo, ni kivuli tu. Kinakaa huku pembeni. Nikigeuza kichwa naona.”

Nikauliza kama kimekua. Akasema kidogo.

Hajamwambia daktari wa timu wala mama yake. Siku ile aliulizwa kama anaona, akasema anaona. Nikamwambia aende hospitali kesho. Akasema karatasi ya hospitali ikipatikana sasa hakuna klabu itakayotaja jina lake. Mwezi mmoja tu, akishatajwa atakwenda siku hiyohiyo. Ndipo nikamwambia kwa nini nimepiga. Kwamba ripoti iko kwangu.

Sijawahi kuona uso wa mtu ukinawiri haraka vile. Alidhani ni bahati. Kati ya watu wote duniani, imemwangukia mama yake mdogo!

“Basi huandiki,” akasema. “Si ndiyo? Huandiki.”

Nikasema sijui.

Akanitazama, kichwa amekigeuza upande, vile vile kama kwenye picha. Kisha akakata.

Jumatano, 25 Machi

Nimempigia mara tatu. Hapokei.

Nimefua nguo ambazo hazikuwa chafu. Zamu yangu ya chumba cha kufulia ilikuwa imefika, na pale chini angalau kuna mashine zinazonguruma.

Jumapili, 29 Machi

Jumapili ya Matawi. Saa zimesogezwa mbele, nusu ya watu walichelewa misa ya Kiswahili. Stellah alikuwepo. Amependeza, amenenepa kidogo, anasalimiwa na kila mtu kama mama wa bwana harusi. Padri alimtaja Liam kwenye maombi. Kuna kamati ya kutazama drafti pamoja, mchango, fulana zenye jina lake.

Nikamwomba tukae mahali. Tukapanda treni mpaka Farsta, tukaingia mkahawa wa pale sentrum, penye maduka, matawi yetu juu ya meza. Nilikuwa nimepanga maneno. Yote yakanitoka ovyo: kazi yangu, picha, kichwa kinavyogeuka, kivuli. Nikamwambia anao mwezi mmoja wa kumpeleka kwa daktari, na kwamba pigo moja tu hata mazoezini linaweza kulimaliza lile jicho. Mimi si daktari, nilisema hivyo pia.

Stellah alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza nani mwingine anajua. Nikasema hakuna. Akauliza kama nitaandika. Nikasema nadhani nitaandika.

Akasema yeye ameinua wazee wa watu miaka ishirini na mbili, mgongo umekwisha, ili mtoto afike hapa. Hakupaza sauti. Waswedi wa meza ya pili hawakugeuka. Kisha akaniambia:

“Wewe hukuzaa, Asteria. Ungezaa usingeandika.”

Akachukua mkoba, akatoka. Mimi nikabaki. Nikamaliza kahawa yangu, sijui kwa nini. Nikamaliza na yake.

Jumatatu, 30 Machi

Hakuna.

Jumapili, 5 Aprili

Pasaka. Nimepika ndizi na nyama, sufuria ya watu wanne, mkono umezoea. Nimekula mara moja, zilizobaki nimegandisha. Kwa jirani kuna wageni, viatu vingi nje ya mlango, vya watoto pia.

Sikwenda kanisani. Niliogopa Stellah hatakuwepo, niliogopa pia atakuwepo.

Jana nilijaribu kuandika ile ripoti kwa namna nyingine. Niliandika: upande wa kushoto unahitaji mazoezi zaidi. Ni sentensi safi. Hata si uongo. Hanna asingeuliza, wateja wasingeuliza, Liam angetajwa raundi ya tatu, Stellah angenipigia simu analia kwa furaha na mimi ningekuwa na mahali pa kula Pasaka ijayo. Nikaisoma kwa sauti. Nikaiona mechi ya kwanza ya kulipwa, mtu anakuja kutoka kushoto, na Liam hajikunji.

Nikaifuta.

Hukuzaa. Neno lile linakwenda na mimi bafuni, linarudi na mimi kitandani. Na yeye anajua. Mimba zangu mbili, mara zote mbili yeye ndiye aliyekaa na mimi hospitali.

Alhamisi, 9 Aprili

Nimekwenda ofisini Sundbyberg mapema. Nimemwambia Hanna yote: kwamba namjua, tangu lini, kwamba nilimpigia simu, kwamba nilinyamaza tarehe 9 mwezi uliopita kwa sababu nilitaka kumwona. Hili la mwisho lilikuwa gumu kusema kwa Kiswedi. Hakuna neno la upweke wa namna hiyo, au lipo na mimi silijui.

Hanna hakukasirika. Aliondoa miwani, akasugua macho. Akasema atanipa onyo la maandishi, ni lazima, na wateja wataambiwa kwamba nina undugu na kijana. Nikamwuliza ripoti ataandika nani sasa. Akasema mimi, yeye atahakiki kila namba. Hakuna mwingine aliyeona.

“Andika ulichokiona,” akasema, “si unachokiogopa.”

Kwa hiyo hakuna kivuli kwenye ripoti. Yale aliyoniambia jikoni kwake ni yake. Kuna sitini na arobaini na moja. Kuna arobaini na saba na kumi na tisa. Kuna mara tisa bila kujikunja, dakika na sekunde zake. Kuna sentensi ya mwisho: asisainishwe mkataba kabla ya kupimwa macho. Alama 4.9. Raundi ya sita au asichaguliwe.

Imeondoka saa tisa na dakika ishirini. Nilimwandikia Liam mwenyewe, asije akasikia kwa wengine. Alama mbili za bluu. Amesoma.

Jumamosi, 18 Aprili

Siku tisa tangu ripoti iondoke. Nimepita Farsta leo, nikajiambia nafuata viatu. Nikasimama mbele ya jengo la Stellah. Mapazia yamefungwa, barua zimechungulia mlangoni kwake, nimeona kwa kioo cha ngazi. Nilifikiri labda ni mimi anayenikimbia. Hapana, barua hazisemi uongo, hayupo.

Nimerudi bila viatu.

Jumanne, 21 Aprili

Ujumbe wa sauti wa Stellah, dakika sita. Nimeusikiliza nimesimama kwenye ngazi na koti langu.

Yuko Ohio. Alipanda ndege tarehe 14, hakumwambia mtu, hata kamati yake. Anasema hakuniamini. Alikwenda ili ahakikishe mimi ni mwongo. Asubuhi ya pili Liam alikuwa anakunywa chai, yeye akaketi kushoto kwake, akanyoosha mkono wazi karibu na uso wa mtoto, akauacha hapo. Liam anakunywa chai. Anaongea. Mkono uko palepale. Anasema aliuweka mpaka bega likaanza kutetemeka, na mtoto hakujua.

Hakumgombeza. Alimwambia avae viatu.

Sehemu ya nyuma ya jicho ilikuwa inabanduka, kidogo kidogo, tangu Oktoba. Wamemfanyia upasuaji jana. Madaktari wanasema jicho litabaki. Litaona kiasi gani, wangoje. Analala kifudifudi wiki nzima, uso chini, haruhusiwi kuinuka wala kutazama skrini.

Hakuomba msamaha. Hakunilaumu. Mwishoni alisema nisali, halafu nikasikia anajaribu kuzima na haoni pa kubonyeza, na kwa mbali sauti ya Liam inamwelekeza kwa Kiswedi.

Nimeusikiliza tena ile sehemu ya mwisho. Mara kadhaa.

Alhamisi, 23 Aprili

Drafti inaanza. Liam mwenyewe amewaambia vilabu vyote kuhusu upasuaji. Hanna ananiambia amemtamkia mtu barua fupi, ya kiume, haikulalamika.

Mchana wateja wetu wametuma swali moja: kabla ya Oktoba, alikuwa nani?

Nimejibu kwa dakika kumi, bila kufungua picha hata moja. Kwamba kabla ya Oktoba alikuwa bora kati ya wote wanne. Kwamba jicho likirudi, mimi ningemchukua na kumngoja mwaka. Nikaongeza: mtoto huyu ni wangu, mlipime neno langu mtakavyoona.

Hanna alisoma ile ya mwisho. Aliiacha ilivyo.

Jumamosi, 25 Aprili

Siku ya tatu, raundi za mwisho. Juzi na jana hakutajwa, hakuna aliyetegemea. Kamati ya kanisa imeahirisha sherehe. Fulana zipo kwenye masanduku kwa mtu. Nilijitengenezea chai saa kumi na mbili jioni, nikafungua televisheni, daftari la kazi pembeni kwa mazoea.

Saa moja na robo simu ikalia. Stellah. Nikadhani ni jicho.

“Ongea naye,” akasema. “Mimi majina haya siyajui.”

Nikasikia simu inawekwa kwenye kitu laini, mto nadhani, kisha pumzi ya mtu aliyelala uso chini. Nami napumua. Halafu, kwa Kiswahili, ameniambia nimsomee. Haruhusiwi kutazama na mama yake anataja kila jina kama la mtakatifu.

Nimeanza. Jina, chuo, nafasi anayocheza, klabu iliyomchukua. Baadhi anawajua, amecheza nao, mmoja alimwangusha mara mbili mwaka juzi. Tukifika kwotabeki hasemi kitu, na mimi siongezi kitu. Ripoti hakuna aliyeitaja. Nilikuwa na maneno yangu tayari, nimeyapanga wiki mbili, na nimeyaona hayana pa kuingilia.

Naandika haya huku simu iko mezani, sauti imefunguliwa. Nje bado kuna mwanga. Stellah anapita pita chumbani kwao, nasikia maji, nasikia sahani. Aliuliza kwa mbali kama nimekula. Nikasema bado. Akasema nile.

Raundi ya tano imekwisha. Ya sita imeanza. Majina ya raundi hii nimesoma kumi na mawili. Sauti yangu imechoka, sijaitumia hivi kwa miezi.

Sasa zamu ni ya wateja wetu. Liam hajui ni wao. Siruhusiwi kumwambia, na safari hii sitasema. Wana dakika tano. Kwenye skrini watu wa suti wameinamia simu.

Ameniuliza nani sasa.

Nimemwambia bado wanafikiri.

“Sawa,” amesema. “Nipo.”

Dakika tatu. Stellah amenyamazisha maji. Dakika mbili na nusu, mtu mmoja ameinuka na karatasi, anaelekea jukwaani. Naweka kalamu chini.